Salamu Kabla ya Haja

Chombo chenyewe ni kidogo. Ni kopo la shaba lenye tumbo la mviringo na shingo fupi, halina mkono wala mdomo wa kumiminia, na Wahindi huliita lota. Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa katikati ya Lubumbashi hulishika kwa mikono miwili kila alfajiri, akiwa peku kwenye roshani iliyo juu ya duka lake, uso ameuelekeza upande wa Ruashi ambako mbingu huanza kupata rangi. Ndani ya maji ametia ua jekundu alilolichuma uani na punje chache za mchele. Ukingo wa kwanza wa jua ukijitokeza juu ya mabati, hulinyanyua kopo hadi usawa wa paji la uso, huliinamisha polepole, na maji hushuka mbele ya macho yake kwa mfululizo mwembamba usiokatika. Mzee halikodolei jua moja kwa moja. Hulitazama kupitia maji yanayoanguka, na kwa kitambo kile jua huonekana limegawanyika vipande vinavyotetemeka, jekundu ndani ya maji, jekundu kwenye shingo ya kopo. Maji hayaachwi yakamwagika sakafuni na kukanyagwa. Huangukia kwenye beseni la udongo lenye mrehani, ule mmea ambao Wahindu huuita tulsi. Midomo inacheza, sauti haifiki chini. Na huko chini mabasi madogo yameshaanza kuita abiria wa mitaa ya Kenya na Katuba, kina mama wanapita na mabeseni ya mikate kichwani, mlinzi wa usiku anakunja blanketi lake. Maji yakiisha, mzee hugusa macho kwa vidole vilivyolowa, huingia ndani, na baada ya muda mlango wa chuma wa duka husikika ukivutwa.

Mtu angeweza kuliona kopo lile kuwa kitu cha ugenini, chombo kilichovuka bahari pamoja na desturi yake. Lakini shaba haiwezi kuwa mgeni katika mji huu. Kwa Wahindu shaba ndiyo madini ya jua. Ndiyo sababu maji haya hayamiminwi kwa kikombe cha plastiki wala kwa kopo la bati. Nasi tunaishi juu ya shaba. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, watu waliozikwa karne nyingi kabla Mbelgiji wa kwanza hajafika walilazwa pamoja na misalaba midogo ya shaba, ile ile iliyokuja kuwa fedha ya sokoni na mahari ya binti. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Tanuru la kampuni ya Union Minière lilianza kumimina shaba hapa mwaka 1911, mji ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa mzima uliitwa Shaba, kana kwamba watu wake hawakuwa na jina jingine. Hadi leo bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya tanuru ndivyo vinavyomwambia msafiri kwamba amefika.

Kabla ya tanuru la Wazungu kulikuwa na matanuru mengine, madogo, ya udongo wa kichuguu, na kazi yake ilikuwa kazi ya kiangazi. Mtama ukishaingia ghalani na mvua ikishakatika, watu walihamia karibu na machimbo, wakachimba jiwe la kijani, wakachoma makaa, wakavuta mivukuto usiku na mchana. Waliitwa walaji wa shaba, maana shaba ndiyo iliyowalisha. Wala hakuna aliyeingiza sururu ardhini kabla wenye kazi hawajazungumza na mizimu ya mahali pale, kwa kuwa kitu kilicho chini ya ardhi kina wenyewe. Kisha jiwe la kijani liliingia motoni na kutoka likiwa na rangi ya jua la asubuhi. Nikiwatazama mafundi wetu wa leo, wale wanaogonga bamba la shaba kwa nyundo ndogo mpaka zitokee sura za mama mwenye mtungi au mtumbwi mtoni, naona wakiligeuzageuza bamba nuruni ili waone kama wamelifikisha. Bila jua hawawezi kujua kazi imekwisha. Jua ndilo linalowaambia.

Nimekaa na swali moja kwa muda: mzee yule anafanya nini hasa? Anaomba? Analipa? Jibu ninaloliegemea ni jepesi zaidi na zito zaidi kuliko hayo. Anasalimia. Huku kwetu hatuwezi kuanza jambo lolote bila salamu. Ukimkuta mama ameketi nyuma ya mafungu yake ya makaa ukamuuliza bei kabla ya kutamka salamu ya jambo, atakujibu, ila atakujibu bei ya mtu asiye na malezi. Salamu ni nusu ya kuonana, na nusu hiyo ndiyo hutangulia; haja ina wakati wake. Sala iliyo maarufu kuliko zote miongoni mwa Wahindu, ile ya Gayatri, iliyomo katika Rigveda na inayohusishwa na mwenye hekima Vishvamitra, inaelekezwa kwa Savitri, jua katika hali yake ya kuamsha. Haiombi mvua, wala watoto, wala ng'ombe, ingawa waliokuwa wakiitamka walivihitaji vyote hivyo. Inaelekea kwenye nuru, na ombi lake ni kwamba nuru hiyo iziamshe akili. Husemwa kwenye viungo vya siku: usiku unapokutana na mchana, mchana unapofika kileleni, na mchana unapokutana tena na usiku. Nyakati nyingine zote mtu yuko katika shughuli zake; kwenye viungo husimama.

Tena jua huitwa mungu anayeonekana. Miungu mingine inahitaji mchongaji aipe uso, inahitaji hekalu na pazia na taa; huyu hupanda mwenyewe kila siku mbele ya tajiri na mchunga mbuzi, na asiyemwona ni aliyelala au aliyepofuka. Hata hivyo watu hawakuacha kumjengea. Konark, pwani ya mashariki ya India, mfalme Narasimhadeva alisimamisha katika karne ya 13 hekalu zima lenye umbo la gari la jua, magurudumu 24 ya mawe na farasi 7, na mpaka leo wageni huonyeshwa namna ya kusoma saa kwa kivuli kinachotambaa juu ya gurudumu. Waswahili nao wameihesabu saa kwa macheo. Saa moja yetu ni saa moja tangu kulipokucha, na siku ya Wahindu vilevile huanzia jua linapotoka. Jirani zetu Waislamu huzipima sala zao kwa mwendo wa jua hilohilo, kisha sheria yao ikakataza kusali kwa hiari dakika ileile linapochomoza, linaposimama utosini na linapozama, ili asije mtu akadhani ni jua linalosujudiwa. Naiona heshima pande zote mbili. Mmoja hulisalimia, mwingine hujizuia mbele yake, na wote wawili wamekiri kwamba kitu hiki kina nguvu ya kutosha kumfanya mwanadamu akisahau kilicho juu zaidi yake.

Salamu hii ina mwili pia. Wanaofanya yoga huiita Surya Namaskar, na wengi wa wanaoifanya leo kwenye mikeka yao, Lubumbashi au London, hawajui kwamba ilipita mikononi mwa mfalme wa nchi ndogo iliyoitwa Aundh, katika Maharashtra. Bhawanrao Shriniwasrao Pant Pratinidhi aliichukua miondoko iliyokuwepo, akaifanya kila siku yeye na jamaa zake, akaiingiza katika shule za utawala wake, na katika miaka ya 1920 akaiandikia kitabu. Kule Mysore, katika miaka ya 1930, mwalimu Krishnamacharya alikuwa akifundisha mazoezi yaliyokaribiana na hayo, na wanafunzi wake Iyengar na Pattabhi Jois ndio waliokuja kuyasambaza Ulaya na Marekani. Haya yanajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba mtoto wa mfalme yule, Apa Pant, aliletwa Afrika Mashariki mwaka 1948 kuwa mwakilishi wa India, makao yake yakiwa Nairobi, na kazi yake ikafika hadi Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Basi hata sisi tulikuwa ndani ya mzunguko wake. Alikuwa mtu wa kuisalimia asubuhi kwa mwili wake wote maisha yake yote, na baadaye naye aliiandikia kitabu. Serikali ya kikoloni haikumpenda. Alifanya urafiki na Waafrika waliodai uhuru, Kenyatta miongoni mwao, na hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952 Waingereza walizidi kumtilia shaka, mpaka mwaka 1954 akaondoka.

Baba yake alikuwa amefanya jambo ambalo wafalme hawalifanyi. Mwaka 1939, kwa ushauri wa Gandhi, aliyakabidhi madaraka yake kwa mabaraza ya vijiji, akabaki mtumishi wa kwanza katika nchi aliyokuwa bwana wake. Wanahistoria watatoa sababu za kisiasa, nazo ni za kweli. Mimi naongeza moja: mtu anayeweka kidevu chake sakafuni kila alfajiri, mbele ya kitu ambacho hakimiliki na hatakimiliki, huenda kiti cha enzi kikawa chepesi kwake.

Maana ndivyo mwendo ule ulivyo. Unasimama wima, viganja vimekutana kifuani. Mikono inapanda, mgongo unajipinda nyuma kidogo. Unainama mpaka vidole viguse ardhi. Mguu mmoja unarudi nyuma, kisha wa pili, mwili unanyooka juu ya mikono. Halafu unashuka: nyayo mbili, magoti mawili, viganja viwili, kifua, kidevu, sehemu nane za mwili zimegusa chini kwa pamoja, na hapo hakuna cheo kinachobaki. Kutoka hapo kifua kinainuka, kiuno kinapanda, miguu inarudi mbele mmoja mmoja, mpaka umesimama tena viganja kifuani. Hatua 12, na kwa kila hatua jina moja la jua. La kwanza kabisa ni Rafiki, na kati ya yanayofuata yumo Mlishaji. Mzee wa Kiluba aliyeona babu zake wakiingia kwa mulopwe, mfalme wao, angeutambua mwendo huu bila kufundishwa. Nao walishuka mpaka ardhini, wakajipaka udongo mweupe wa pemba kifuani na mikononi, wakapiga makofi taratibu wakiwa wamepiga magoti, na neno la haja lilingoja mpaka mwili umemaliza kusema. Tulikuwa na elimu hiyo: mwili husalimia kwanza, ulimi hufuata.

Lakini sisi tuko kusini mwa ikweta, na jambo hili lina uzito ambao vitabu vya yoga haviutaji. Umoja wa Mataifa uliamua tarehe 11 Desemba 2014, mataifa 177 yakiunga mkono pamoja na India, kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani, na 2015 ikaadhimishwa mara ya kwanza. Tarehe ile ilichaguliwa kwa kuwa huko kaskazini ndiyo siku ambayo jua hukaa mbinguni kuliko zote. Kwetu ni kinyume. Ndiyo siku fupi kuliko zote. Juni ya Lubumbashi ni ya baridi kavu: mlinzi ana koti juu ya koti, watoto wanatoa moshi mdomoni wakienda shule, vumbi jekundu limelala kwenye majani ya miembe, na jua halichomozi mpaka inakaribia saa kumi na mbili na nusu. Anayetandika mkeka hapa asubuhi hiyo analisalimia jua likiwa mbali na utosi wake kuliko siku nyingine yoyote. Sioni kwamba tumepunjwa. Kumsalimia mtu aliyekujia mikono imejaa ni rahisi. Kumsalimia aliye mbali, wakati unatetemeka, ndiko kunakoonyesha kama salamu ilikuwa salamu.

Na kule India kwenyewe, maadhimisho yale ya kwanza ya 2015, Surya Namaskar iliondolewa kwenye ratiba rasmi baada ya Waislamu kusema hawawezi kuinamia jua. Siku iliyopangwa kwa mwendo wa jua ikafanyika bila salamu ya jua. Wapo waliokasirika. Kwangu lilikuwa jambo la haki, kwa sababu salamu ya kulazimishwa ni amri iliyovaa nguo ya adabu, na jua, ambalo halijawahi kumnyima mtu mwanga kwa kukosa kulisalimia, lisingeitaka. Hapa Lubumbashi nimesikia vijana wakiulizana baada ya ibada ya Jumapili kama Mkristo anaweza kufanya mazoezi yale. Ningewajibu hivi: usiyafanye ukijidanganya kwamba hayana asili, wala usiyakimbie kwa hofu ya kitu kinachokukaushia mihogo kila siku. Jua unachokisema mwilini, kisha useme unachokiamini.

Tarehe 14 Januari Wahindu husherehekea jua kugeuza safari kuelekea kaskazini. Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi wa Afrika Mashariki, hurusha tiara na kugawana vitamutamu vya ufuta. Msimu huo unahesabiwa kuwa wa heri hata kwa kufa. Katika utenzi wa Mahabharata, mzee Bhishma, aliyepewa uwezo wa kuchagua siku yake ya mwisho, alianguka vitani Kurukshetra, mwili umejaa mishale kiasi kwamba haukugusa ardhi. Akalala juu ya mishale hiyo siku nyingi, akifundisha wafalme, akingoja jua ligeuke ndipo akate roho. Januari yetu ni mvua na mawingu, na jua, kwa siku ambazo linaonekana adhuhuri, liko kusini mwetu, vivuli vyetu vinaangukia kaskazini. Kwa hiyo linapogeuka linatujia sisi. Katikati ya Februari linapita juu ya utosi wa Lubumbashi, linaendelea kaskazini, na mwishoni mwa Oktoba linapita tena likirudi. Mafundi wa sola wa Katuba wanayajua haya bila kitabu. Kila bamba wanaloliweka juu ya paa hulilaza kidogo kuelekea kaskazini, huko ambako jua letu hushinda sehemu kubwa ya mwaka. Kuna tarehe 21 Juni nyingine ninayoipenda. Mwaka 2020, siku hiyohiyo ya yoga, jua lilipatwa kwa namna ya pete, na kivuli cha mwezi kilipita huku Kongo, kwenye misitu ya kaskazini, kulipokuwa kunakucha. Kikakimbia kupita Ethiopia, Yemeni na Omani, na muda si mrefu baadaye kikapita juu ya Kurukshetra. Alfajiri ya Kongo na adhuhuri ya uwanja ule wa Bhishma zilifungwa na kivuli kimoja.

Kuhusu kivuli, hadithi za Kihindu zina jambo ambalo mtu wa Lubumbashi atalielewa upesi. Mke wa jua, Sanjna, alishindwa kuuvumilia mwako wa mumewe. Akamweka Chhaya, yaani Kivuli, mahali pake, akatoroka. Jua lilipogundua lilikwenda kwa baba mkwe, Vishvakarma, fundi wa miungu, naye akaliweka jua kwenye mashine yake ya kukerezea, akalichonga, akalipunguza makali mpaka mkewe akaweza kuishi nalo. Na vipande vilivyochongwa akavifua silaha za miungu. Siku mbili kwa mwaka, jua likiwa utosini mwetu, Chhaya hutoweka Lubumbashi kwa kitambo: nguzo ya umeme haina kivuli, mtu haburuti chochote nyuma yake. Na Oktoba, kabla ya mvua, maua ya jakaranda yakiwa yameanguka na kukauka, lami ikiwa moto chini yake, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini Sanjna alikimbia. "Juba iko kali leo," mama wa sokoni, ambaye jua huliita juba, atakwambia huku akiusogeza mwavuli wake, "juba iko kali," bila chuki, kama mtu anayemzungumzia baba mkwe mgumu. Kando ya mwavuli ameanika mihogo ya bukari, ugali wetu, kwenye turubai, samaki wadogo kwenye ungo. Jua linalomchoma ndilo linalomkaushia. Sithubutu kumhubiria mama huyu kwamba jua ni rafiki. Anajua zaidi yangu, na gharama ya urafiki huo iko kwenye ngozi yake.

Mtoto wa jua, Karna wa Mahabharata, naye aliijua gharama. Alikuwa akisimama akiliabudu jua mpaka mgongo wake ushike moto, na mtu yeyote aliyemjia baada ya ibada ya adhuhuri hakunyimwa alichoomba. Alizaliwa na deraya ya dhahabu mwilini, sehemu ya nyama yake, ambayo hakuna silaha ingeipenya. Mungu Indra akaja amejigeuza kuhani, akaiomba. Jua lilikuwa limemwonya mwanawe ndotoni. Karna akaikata deraya ile kwenye mwili wake mwenyewe, damu ikimtoka, akaitoa, na kwa kuitoa akaufungua mlango wa kifo chake vitani. Sisomi hadithi hii bila kuifikiria ardhi yetu. Malori ya shaba yanapanga foleni mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, yanakwenda Durban, Beira na Dar es Salaam. Kongo imekuwa nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba, na waya zinazobeba umeme wa miji ya mbali zimetoka kwenye ubavu huu. Nasi jioni umeme ukikatika tunawasha makaa, na misitu ya miombo inazidi kusogea mbali na mji. Penye miti hapana wajenzi. Deraya inakatwa, na anayeipokea hata salamu hakuileta.

Wahindi wenyewe waliwahi kuja hapa kwa ajili ya shaba hiyo, wakiwa na bunduki. Katanga ilipojitenga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, kilichogombewa kilikuwa chini ya miguu yetu, na kati ya askari wa Umoja wa Mataifa waliopigana Elisabethville, jina la zamani la mji huu, walikuwamo wa India, wakiwemo Wagurkha. Kapteni Gurbachan Singh Salaria, Kalasinga aliyewaongoza Wagurkha wake, alikufa tarehe 5 Desemba 1961 kwenye kizuizi cha barabara ya uwanja wa ndege, na India ikampa nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa. Raia pia walikufa katika mapigano yale, na wazee walioyaona hawayazungumzi kwa wepesi. Wagurkha walio wengi ni Wahindu. Alfajiri za Desemba hapa ni za mapema, zenye ukungu wa mvua, na jua lililowapandia askari wale ndilo lililoupandia upande wa pili wa kizuizi.

Ibada nyingi za jua huelekea mashariki, kwa anayefika. Watu wa Bihar, jimbo la India, wana moja inayoanza kinyume. Inaitwa Chhath, hufanyika siku ya sita baada ya Diwali, na wengi wanaoibeba ni kina mama. Wanafunga saa zipatazo 36 bila chakula wala tone la maji, na jioni, mfungo ukiendelea, wanaingia mtoni mpaka kiunoni, wakiwa na nyungo za mwanzi zilizojaa ndizi, miwa na maandazi makavu ya ngano na sukari guru, wakalisalimia jua linalozama. Linalochomoza watalisalimia kesho yake, alfajiri, palepale majini. Lakini linalotangulia kupewa heshima ni lile lililomaliza kazi, lililochoka, lisilo na cha kutoa tena siku hiyo.

Huku jua huzama upande wa bomba la Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, ng'ambo ya mto, na kila nikifikiria Chhath huwafikiria watu waliofanya kazi chini ya bomba lile. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa na miaka 20 na 30 kazini, na walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Walipewa kiasi kimoja kwa mkupuo, wakatia saini, wakatoka. Shule na hospitali zilizokuwa haki ya watoto wao zikatoka nao. Wapo bado, Katuba na Kenya, na katika kambi za zamani za kampuni, mikono yao ina makovu ya tanuru, na wanaweza kukueleza kwa rangi peke yake shaba inapokuwa tayari kumiminwa. Mwaka ujao, Chhath itakapofika, ningependa mtu abebe ungo wa ndizi na miwa, apite nyumba kwa nyumba kwa wazee hao, na kabla ya kuwauliza lolote juu ya madai yao, mahakama, au fedha ile, aseme jambo, baba, akae, angoje waitikie.